Ardhi oevu darasani: shughuli nne za vitendo kwa walimu wa shule za msingi Nyanda za Juu Kusini

Kila Siku ya Ardhi Oevu Duniani inapokaribia, tarehe 2 Februari, walimu huuliza maswali yale yale kuhusu kufundisha ardhi oevu, yaani mahali panaposhika maji, kama mabonde na vinamasi. Je, lazima niwapeleke watoto hadi Hifadhi ya Ruaha? Shule yetu haina maabara, nitafundisha kwa nini? Nina watoto themanini kwenye chumba kimoja, vifaa nitatoa wapi?

Majibu mafupi ni haya. Huhitaji kwenda Ruaha. Huhitaji maabara. Na watoto themanini wanaweza kufanya kazi hii vizuri ukiwagawa makundi ya wanane wanane na kumpa kila mmoja kazi yake.

Jambo moja lishike kabla hujagusa kifaa chochote. Mtoto wa Mufindi, Kilolo, Njombe au Rungwe analijua bonde tangu hajaanza darasa la kwanza. Ametumwa kuchuma mboga kwenye kinyungu (bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi), amechota maji kwenye kisima cha bondeni, amemsikia chura usiku wa mvua. Ukifungua somo kwa kuandika ubaoni maana ya ardhi oevu, atafikiri ni kitu cha mbali kilichomo kitabuni. Anza na swali: nyumbani kwenu mnalima wapi kiangazi? Wakitaja vinyungu, mpunga wa Mbarali au mabonde ya Kyela, somo limeshaanza.

Kabla ya kuanza

Kusanya vifaa hivi wiki moja mapema. Waombe watoto wakusaidie, karibu vyote hupatikana bure.

- Chupa tupu za maji za lita moja na nusu, tatu kwa kila kundi, pamoja na vifuniko vyake
- Vipande vya godoro la sponji lililochakaa
- Ndoo moja ya udongo wa kawaida wa shambani, usiwe wa mfinyanzi mtupu
- Mapande ya nyasi yaliyochimbwa pamoja na mizizi na udongo wake, yenye ukubwa wa kuingia ndani ya chupa
- Kopo lililotobolewa matundu madogo chini kwa msumari, litakuwa mvua yenu
- Kikombe cha kupimia cha robo lita
- Vikombe vinavyoonyesha kilichomo ndani, au vitako vya chupa nyingine zilizokatwa
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Chujio la chai, fimbo ndefu, mpira wa baiskeli wa kufungia, na bakuli jeupe
- Uzi wa kufumia au kamba ya katani, na vipande vya boksi vya kuandikia majina

Kisu au wembe ni wa mwalimu peke yake. Kata chupa zote kabla ya siku ya somo, usizikate mbele ya darasa.

Shughuli ya kwanza: chupa tatu

Hii ndiyo shughuli mama. Kama una kipindi kimoja tu mwaka mzima, fanya hii na uache nyingine. Hapa mtoto anaona kwa macho yake bonde linavyofanya kazi: linapokea maji ya mvua, linayashika, linayaachia polepole, na yanatoka yakiwa masafi kuliko yalivyoingia.

1. Laza chupa ubavu. Kata dirisha la mstatili upande wa juu, kuanzia karibu na kitako hadi karibu na shingo. Mdomo uache mzima na kifuniko kiwe kimefungwa, ili udongo usimwagike wakati wa kujaza.

2. Jaza chupa A kwa udongo mtupu, ushindilie kidogo kwa kiganja. Chupa B ijaze udongo nusu ya upande wa kitako, na nusu ya upande wa shingo weka sponji lililobana pande zote. Chupa C iweke pande la nyasi, mizizi ikiwa chini, na ujazie udongo kwenye mianya. Katika chupa zote tatu udongo ufike chini kidogo tu ya usawa wa mdomo. Ukiwa chini sana, maji yatatuama ndani kabla ya kutoka na hutaona tofauti yoyote.

3. Sponji kavu la godoro halinywi maji mara moja. Tone la kwanza hukaa juu yake kama shanga, kisha hubingirika pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuliweka kwenye chupa, lizamishe kwenye ndoo, likamue na kuliachia mara kadhaa mpaka mapovu yaishe, halafu likamue kabisa. Hatua hii ndogo hurukwa na wengi, na ikirukwa jaribio zima hugoma.

4. Panga chupa tatu kwenye ukingo wa dawati, shingo zikiwa nje. Inua vitako kwa kipande cha tofali au daftari nene, mwinuko uwe mmoja kwa zote. Weka kikombe chini ya kila mdomo. Sasa fungua vifuniko.

5. Simamisha kila kitu. Kabla ya tone lolote kumwagwa, uliza: maji yatatoka wapi kwanza? Ya chupa ipi yatakuwa machafu zaidi? Ipi itatoa maji machache? Hesabu mikono na uandike ubaoni. Usimkosoe mtu. Mtoto aliyeshatabiri huangalia kwa makini zaidi.

6. Mimina robo lita kwenye kopo la matundu, ulishike juu ya upande wa kitako kwa kimo cha rula moja. Kila chupa ipate robo lita yake, kimo kile kile. Mtoto mmoja ashike saa, mmoja aseme kwa sauti tone la kwanza linapodondoka, mmoja aseme yanapokoma, mmoja aandike.

7. Baada ya dakika tano pimeni kiasi kilichomo kwenye kila kikombe. Vikombe vipangwe dirishani penye mwanga watoto walinganishe rangi. Kwa kawaida A hutoa maji mapema na ya matope. C huchelewa na maji yake huwa meupe zaidi. B inaweza isitoe kitu kabisa.

8. Sasa mimina robo lita ya pili kwenye chupa B bila kukamua sponji. Safari hii maji yatapita, kwa sababu sponji limeshajaa. Waulize watoto: bonde likijaa, mvua nyingine ikinyesha, maji yataenda wapi? Wanaokaa Kyela watajibu haraka kuliko wote, mafuriko wanayajua.

9. Hatua ya mwisho ndiyo inayogusa maisha yao. Chukua kijiko, uchimbe mfereji mwembamba kwenye chupa C kutoka kitako hadi shingoni, ukikata nyasi na mizizi. Mimina robo lita tena. Maji yatafuata mfereji, yatafika kikombeni kwa kasi na yakiwa na udongo. Nyamaza kidogo. Waache waseme wenyewe wamewahi kuona wapi mfereji kama ule.

Nadharia ya kuongezea hapa isizidi dakika tano. Chora ubaoni milima ya Kipengere na Uporoto juu, tambarare ya Usangu chini yake, na kwenye Usangu uchore duara kubwa: ardhi oevu ya Ihefu. Mito inayoshuka milimani hukusanyika huko, na kutoka Ihefu hutoka mto Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini na kwenda bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Mtambo wa umeme wa Mtera una uwezo wa megawati 80, wa Kidatu 204. Waambie kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu za hifadhini miezi ya kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Kisha waonyeshe chupa tena na uulize: tukitaka maji ya kiangazi, tungependa Ihefu iwe kama chupa ipi?

Usiwaambie kwamba kosa ni la wafugaji, au la wakulima wa mpunga. Maji ya kiangazi yanayotolewa kwa mifereji juu ya mto ni sehemu kubwa ya habari hiyo, lakini mpunga ule ule ndio unaolisha familia za watoto ulio nao. Mjadala huo una nafasi yake, utaukuta kwenye shughuli ya nne.

Makosa yanayojirudia hapa:

- Kubadilisha vitu viwili kwa mara moja. Ukimpa A maji mengi na C machache, hukujaribu chochote. Kiasi, kimo na mwinuko ni vile vile daima.
- Kumwaga maji kwa jagi. Huchimba shimo kwenye udongo na kuvuruga yote. Kopo la matundu si pambo.
- Kumfanyia mtoto. Mwalimu akishika kopo, darasa linakuwa sinema.
- Kuwaambia watoto wayanywe maji ya chupa C kwa kuwa yanaonekana safi. Maji meupe bado yana vijidudu. Liseme hili kwa sauti na urudie, maana wapo watakaolibeba somo mpaka kisimani.

Shughuli ya pili: ziara ya bondeni

Chagua bonde dogo lililo karibu na shule: kinyungu, chemchemi, ukingo wa kijito. Usiwapeleke watoto kwenye mto mkubwa au kwenye maeneo ya Usangu yenye viboko na mamba, hata kama mwenyeji anasema wamehama.

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi na kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Halafu nenda mwenyewe kwa mwenye kinyungu, siku moja kabla. Mwombe awepo. Mama au mzee anayelima pale ana maarifa ambayo huna: anajua maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa kijana, anajua mti gani ukikatwa chemchemi hufifia, na kwa nini wengi huilalamikia mikaratusi iliyopandwa bondeni. Mpe dakika kumi za kuzungumza na watoto, nawe ukae chini pamoja nao.

ONYO: hakuna mtoto wa kuingia majini. Kichocho huenezwa na vimelea vinavyotoka kwenye konokono wa maji na kupenya kwenye ngozi. Huvioni kwa macho, na maji yenye kichocho yanaweza kuwa maangavu. Watoto wasimame kwenye ukingo mkavu wakiwa wamevaa viatu, na viumbe vichotwe kwa chujio lililofungwa kwenye fimbo.

1. Funga chujio la chai kwenye fimbo kwa mpira wa baiskeli. Kaza, maana chujio likizama halirudi.
2. Weka maji kidogo ya bonde kwenye bakuli jeupe. Mtu mzima mwenye glavu ndiye ayachote.
3. Pitisha chujio kati ya mashina ya matete na nyasi za majini, usichote katikati penye maji matupu. Viumbe hujificha penye mimea.
4. Pindua chujio juu ya bakuli, ligonge taratibu.
5. Subirini. Mwanzoni bakuli huonekana lina takataka tu. Baada ya dakika moja hivi, takataka mojawapo huanza kutembea. Kereng'ende mchanga, ambaye huishi majini kabla ya kuota mabawa, ana rangi ya tope na hukaa kimya mpaka ukatishe kivuli juu yake. Hapo hujisukuma mbele kwa kurusha maji kwa nyuma. Mtoto akishamwona mmoja, wengine hawaponi.
6. Kila mtoto achore viumbe viwili: miguu mingapi, mkia au la, anaogelea au anatambaa. Jina si muhimu. Viluwiluwi wa chura, viluwiluwi wa mbu, konokono, ruba, wote wana nafasi. Hakuna anayeshika kiumbe kwa mkono.
7. Rudisheni maji na viumbe pale pale mlipovitoa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuondoka, wote, na mwalimu pia.

Kabla hamjaondoka, mwombe mwenye shamba ruhusa ya kuchomeka mti mnyoofu wenye alama za sentimita tano tano pembeni ya maji. Andikeni maji yamefika alama gani. Rudini na kundi dogo kila mwezi. Februari bonde linakuwa limejaa. Ukifika Oktoba, kabla mvua hazijarudi, watoto watakuwa na kumbukumbu ya kuanzia mvua hadi kiangazi waliyoiandika wenyewe. Mchoro wa mistari wa somo la Hisabati utautoa hapa.

Shughuli ya tatu: mtandao wa uzi

Hii ni ya haraka na hufaa siku ya mvua. Andika majina kwenye vipande vya boksi: jua, matete, mafunjo, mwani, viluwiluwi wa mbu, kereng'ende, chura, perege, kambare, yangeyange, nyoka, kiboko, ng'ombe, mpunga, mtu. Watoto wasimame duara, kila mmoja na jina lake kifuani.

Uzi uanzie kwa jua. Kutoka hapo upelekwe kwa anayelihitaji, mtoto akieleza kwa nini: "Ninampa perege kwa sababu anakula viluwiluwi wa mbu." Uzi ukishapita kwa wote na kukazwa, mwambie "matete" akae chini akiwa ameshika uzi wake. Kila aliyevutwa naye akae. Endeleeni mpaka muone ni nani kabakia wima.

Usimsahau "mtu". Na usimruhusu awe nje ya duara akitazama, kama picha nyingi za vitabuni zinavyomweka. Yumo ndani, na uzi wake huwa na fundo nyingi kuliko wa wengine.

Shughuli ya nne: mita 60 na mkutano wa kijiji

Inafaa darasa la tano kwenda juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Watu wazima wengi wanaitaja namba hiyo bila kuwahi kuiona ilivyo ndefu.

Toka nao uwanjani. Wapime mita 60 kwa kamba ya mita kumi, wakiirudia mara sita, kuanzia mstari mliouita "mto". Kisha kundi moja lisimame kwenye mstari wa mto, jingine mwisho wa mita 60, na waliobaki katikati. Waulize walio katikati: kama kinyungu chenu kina upana wa mita 30, kimebaki nini?

Wataona ugumu uliopo, na hapo ndipo mkutano uanze. Gawa nafasi: mkulima wa mpunga, mfugaji, mvuvi, mama mwenye kinyungu anayesomesha watoto kwa mahindi mabichi na mboga, mwendesha mtambo wa umeme aliyeko mbali chini ya mto, askari wa hifadhi, na mwenyekiti. Kila mmoja apewe karatasi yenye mambo mawili: anachohitaji kwenye maji, na anachoogopa. Ajenda ni moja: kiangazi maji hayatoshi, tufanye nini?

Kanuni ya mkutano ni kwamba kila msemaji, kabla ya kutoa hoja yake, arudie kwa maneno yake hoja ya aliyemtangulia. Ukiiacha kanuni hiyo, mkutano unageuka ugomvi wa nani ana sauti kubwa. Usilazimishe mwafaka. Andika mapendekezo ubaoni: zamu za maji, kupanda matete na miti ya asili ukingoni, kuondoa mikaratusi bondeni, kuweka josho na birika la ng'ombe mbali na chemchemi. Acha yakae ubaoni mpaka kesho.

Tahadhari moja nzito. Lazima atatokea mtoto atakayesema, "Baba yangu analima mpaka kwenye maji." Usimgeuze mfano. Usiseme baba yake anavunja sheria. Mjibu: "Asante. Tumuulize baba anaonaje maji ya pale siku hizi." Mtoto akirudi nyumbani na swali, mzazi atamjibu. Akirudi na hukumu, mwakani hutapata ruhusa ya ziara.

Mambo yakigoma

Maji hayatoki kabisa kwenye chupa A. Ama udongo uko chini mno ya mdomo, ama umeziba shingo. Ongeza mwinuko wa kitako, na pitisha kijiti mdomoni.

Chupa C inatoa maji machafu kama A. Pande la nyasi limevurugika wakati wa kuingizwa. Lifanye siku tatu kabla, ulimwagilie taratibu kila siku, mizizi itashika. Kama hata hivyo yanatoka machafu, usifiche matokeo. Waulize watoto kwa nini, kisha mimineni mara ya pili. Udongo uliolegea ukishaondoka, maji huanza kutoka meupe.

Chupa hazitoshi. Makundi matatu, kila moja na chupa moja, yakifanya kwa zamu mbele ya wengine. Utapoteza kidogo, si sana.

Shule iko mjini, hakuna bonde la karibu. Tumia mfereji wa maji ya mvua au sehemu yenye unyevu chini ya bomba la shule, palipoota nyasi tofauti na uwanja mzima. Ukitaka kutengeneza kidimbwi kwenye beseni, kifunike kwa kipande cha chandarua na uyamwage maji ardhini kabla ya wiki kuisha, la sivyo mtafuga mbu.

Viluwiluwi mliobeba darasani wamekufa. Maji ya bomba yenye klorini huwadhuru, na jua la dirishani hupasha bakuli haraka. Njia bora ni kutowabeba: waangalieni kule kule, warudisheni.

Mvua imenyesha siku ya ziara. Ahirisha. Kijito cha milimani hujaa kwa muda mfupi, hata kama pale mlipo mvua ni ya manyunyu tu, kwa kuwa huko juu inaweza kuwa inamwaga.